Picha za ukoo mpakani: Ni amana ya nani?

Kila mwaka wanafunzi wangu wa kidato cha tatu huniuliza swali lile lile: "Ustadhi, kuweka picha za watu ndani ya nyumba ni haramu au si haramu?" Huwa wanatarajia jibu la neno moja, na mimi siwapi jibu la neno moja. Ninafundisha mkoa wa Tanga, upande unaoelekea Horohoro, na huku kwetu swali hilo lina uzito ambao msomaji wa Kariakoo huenda asiuone.

Nianze na hukumu yenyewe kwa ufupi, maana imeshaandikwa sana. Wanazuoni hawakukubaliana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, aliona kuwa picha ya kamera si ule uchoraji uliokatazwa, bali ni kivuli kilichozuiliwa, mfano wa sura ionekanayo kwenye kioo. Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudi Arabia, aliyefariki mwaka 1999, alikaza zaidi: hakuiruhusu ila kwa dharura, kama vile pasipoti na kitambulisho. Kila upande una hoja zake na sikusudii kuzipatanisha hapa. Ninachotaka msomaji akishike ni neno hilo dharura. Hata yule aliyekaza ameuacha mlango huo wazi.

Sasa basi, dharura ya mtu wa mpakani ni ipi?

Mpaka wetu na Kenya waliupatana Waingereza na Wajerumani mwaka 1886. Ulianzia mlango wa mto Umba, ukaenda ziwa Jipe, ukazunguka Kilimanjaro kwa kaskazini hadi ziwa Viktoria. Wadigo, Wasegeju na Wavumba hawakuulizwa. Mtu alibaki Vanga na shemeji yake akawa Moa, mmoja raia wa huku na mwingine wa kule, na wote wakaendelea kuoana, kuzikana na kudaiana kama zamani. Taabu ilikuja pale serikali zilipoanza kumtaka kila mtu athibitishe kwa karatasi kwamba yeye ni wa wapi, na babu yake alizaliwa wapi.

Mifano ipo mingi. Mwaka 1989 serikali ya Kenya iliwaamuru raia wake wenye asili ya Kisomali wahojiwe upya, wakapewa kadi maalumu ya rangi ya waridi juu ya kitambulisho walichokuwa nacho. Vijana wa kaunti za mpakani waliendelea kupitishwa kwenye kamati za kuhoji ukoo kwa miongo mingi, hadi Februari 2025 Rais Ruto alipotangaza akiwa Wajir kwamba utaratibu huo umefutwa. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walikwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, ilibidi wafunge safari ya kwenda Nairobi kwa miguu mwaka 2016 ndipo wakatambuliwa. Wapemba wa pwani ya Kenya walitambuliwa mwaka 2023. Na sisi Tanzania tusijione tumesalimika: katika Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013, kule Kagera, Kigoma na Geita, wapo waliotolewa majumbani mwao huku wakisema wao wamezaliwa hapa hapa.

Katika hali kama hiyo, mtu anayo nini mkononi? Cheti cha kuzaliwa cha bibi hakuna. Bibi alizaliwa kwa mkunga wa kijijini na mwaka wake unajulikana kwa njaa au kwa mafuriko. Hati ya shamba hakuna. Mara nyingi kilichopo ni bahasha ya kaki au kopo la biskuti, na ndani yake picha nane au kumi zilizopigwa studio Mombasa au Tanga, na nyingine alizopiga mpiga picha wa kuzunguka, aliyekuja na baiskeli siku ya Iddi na kurudi mwezi unaofuata na picha alizokwisha kuzisafisha mjini.

Nisieleweke vibaya. Picha si cheti. Hakuna afisa atakayempa mtu kitambulisho kwa sababu ameonyeshwa picha ya harusi. Lakini mbele ya wazee wa kijiji wanaoulizwa "Je, mnamjua huyu?", picha ya babu amesimama mbele ya msikiti ambao bado upo hufungua ndimi zilizokuwa nzito. Mzee mmoja atamkumbuka aliyesimama kushoto, mwingine ataukumbuka mwembe uliokatwa. Mashahidi hupatikana. Kwa hiyo namuuliza yule anayeruhusu picha ya kitambulisho kwa dharura: ikiwa mtoto wa mpakani hafiki kwenye kamera ya kitambulisho mpaka ukoo wake ujulikane, je, ile picha inayosaidia ukoo ujulikane imo ndani ya dharura au imo nje? Mimi naona imo ndani. Ndiyo maana huwa nasikitika kuona mtu ametoka kwenye darsa, akarudi nyumbani na kuchoma picha zote za marehemu wake jioni ile ile, pasi na kumuuliza mwenye elimu wala kuwauliza ndugu zake wenye haki katika picha hizo. Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na pazia lenye picha, Mtume (s.a.w.) akalichukia, naye akalikata akafanya mito. Lililokuwa limetundikwa likashushwa na kitambaa kikabaki kikitumika. Kati ya kutundika ukutani na kuchoma moto kuna nafasi kubwa, na kasha la nguo limo ndani ya nafasi hiyo.

Hata hivyo, hapa ndipo jambo linapokuwa gumu. Picha ile ile inayosema wewe ni wa hapa, inasema pia kwamba wewe ni wa kule. Chukua picha ya harusi ya Vanga. Bwana harusi ametoka Tanga, wajomba wametoka Kwale, na kila mmoja amevaa kanzu na kofia ile ile. Mjukuu akiipeleka upande mmoja kama ushahidi, mtu mwenye nia mbaya ataigeuza: "Kumbe ndugu zako wote ni wa ng'ambo!" Kwetu Tanzania jambo hili si la mzaha, maana Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 kwa kawaida haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili, wakati Kenya imeruhusu tangu Katiba ya 2010. Wapo basi wanaoficha picha kwa hofu tu, wala si kwa sababu ya dini.

Je, huko ni kuficha ushahidi? Qur'ani imekemea kuuficha ushahidi, na moyo wa anayeuficha umetajwa kuwa ni wenye dhambi. Nimelifikiri jambo hili kwa muda mrefu. Ushahidi uliokusudiwa ni ule ambao mtu ameitwa kuutoa na haki ya mwingine inautegemea. Ikiwa binamu yako anahojiwa na picha iliyomo kashani mwako ingemsaidia, nawe ukaibana kwa kuogopa maneno ya watu, hapo umemdhulumu. Lakini hakuna aliyekukalifisha kumwaga kasha zima mezani kwa kila anayepita. Picha ya watu kumi na wawili ni amana ya watu kumi na wawili na ya warithi wao. Aliyenayo mkononi ni mlinzi wake tu.

Na kuna la akina mama. Wadigo tangu zamani walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Mjomba alikuwa na neno kuliko baba. Maana yake ni kwamba picha yenye thamani zaidi kwa nasaba ni ya bibi mzaa mama, na hiyo ndiyo picha inayofichwa zaidi, au inayochomwa kwanza, kwa kuwa bibi alipigwa akiwa kijana, kichwa wazi, amejipamba, ndani ya chumba cha studio ambamo hakukuwa na wa kumwona ila mumewe na mpiga picha. Alikubali picha ile ikae ndani. Hakukubali zaidi ya hapo. Sasa anakuja mjukuu mwenye simu, anaipiga picha ile picha, anaituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo lenye watu mia mbili, na kabla ya Ijumaa imefika Muscat na Toronto. Nia yake ni njema kabisa, anataka ukoo ukumbukwe! Lakini ni juzi tu mama zake walikuwa wakikusanya simu za wageni mlangoni kwenye harusi za wanawake ili picha zisitoke. Adabu tunayowafanyia walio hai kwa nini isiwafikie waliolala makaburini, ambao hawawezi kusema hapana?

Katika kijiji kimoja karibu na mpaka walikuja vijana na mashine ya kunakili picha. Walikuwa wakikusanya kumbukumbu za familia ili wafanye maonyesho. Walikuwa vijana wenye heshima, walivua viatu na walileta sukari. Bibi wa mwanafunzi wangu aliwasikiliza, akatoa kopo lake, akazipanga picha kwenye mkeka zikiwa zimelala kifudifudi. Nyuma ya kila moja aliandikiwa na marehemu mumewe kwa herufi za Kiarabu: fulani binti fulani, wa mahali fulani, mwaka fulani. Akawaambia wanakili huo upande. "Majina yaandikeni yote," akasema. "Sura niachieni."

Vijana waliondoka wamenuna kidogo. Mimi nadhani bibi yule alilijua jambo kuliko wao. Picha isiyo na jina nyuma ni ya mtu yeyote. Nimeona albamu nzima ambazo hakuna aliye hai anayeweza kutaja hata sura moja, na albamu kama hizo hazimsaidii mjukuu mbele ya kamati yoyote. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu kuandika deni, dogo au kubwa, pamoja na muda wake. Tunaandika shilingi elfu kumi tulizokopeshana dukani, na jina la mama aliyetuzalia bibi hatuliandiki.

Limebaki suala la studio. Wapiga picha wa miaka ya sitini na sabini wanaondoka duniani, na wameacha masanduku ya negativu za watu. Mwezi uliopita alinijia mtoto wa mmoja wao, fundi wa simu, anauliza kama negativu ni sehemu ya mirathi na kama anaweza kuziuza kwa mgeni aliyemtajia bei. Nilimwambia kwamba plastiki ni mali ya baba yake, na sanduku pia, lakini nyuso zilizomo baba yake aliaminiwa tu, na mtu harithishi alichoaminiwa. Akasema, "Sasa Ustadhi, wenyewe nitawapata wapi?" Nikamuuliza kama baba yake alikuwa na daftari la wateja. Analo, limeliwa na mchwa pembeni, lakini majina na vijiji vinasomeka. Tumekubaliana aanze na wale wa karibu, Jumamosi hadi Jumamosi, bahasha moja moja, na picha za wanawake awe anazibeba mke wake. Bahasha ya kwanza ilikuwa ya watu wa Moa. Ya pili wenyewe wamehamia Vanga, kwa hiyo itabidi avuke, na pasi yake ya kusafiria imekwisha muda.