Kupunja kwa Kipimo Kisichoonekana



Muuza mchele akikupimia kwa kopo ambalo kitako chake amekigonga kikaingia ndani, khiyana yake ina siku ya kufichuka. Utafika nyumbani, utapima tena kwa kibaba chako, na kesho yake utarudi dukani na kibaba mkononi. Pishi ni vibaba vinne. Kila mtu wa pwani analijua hilo, na kwa kuwa kila mtu analijua, mpunjaji hana pa kujificha kwa muda mrefu. Qur'ani Tukufu ina Sura nzima, ya 83, iliyopewa jina la watu hao, Al-Mutaffifin, wenye mkono mmoja wa kupokelea na mwingine wa kutolea. Na watu wa Madyan walipopelekewa Nabii Shuaib (A.S.), mizani yao ilikuwa miongoni mwa mambo ya mwanzo aliyowakanya.

Lakini viko vitu vinavyouzwa leo ambavyo mnunuzi hana kibaba cha kuvipimia, na intaneti ni kimojawapo. Hapa Pongwe, kama ilivyo Muheza, Pangani au Mombasa, mtu hutoa fedha yake akanunua kifurushi, kisha picha ikakwama katikati na sauti ya mwanawe aliyeko Maskati ikakatika kama mtu anayezama. Nani atajua sababu? Huenda mnara umezidiwa. Huenda simu yenyewe imechoka. Huenda nyaya za chini ya bahari zimekatika, kama ilivyotokea tarehe 12 Mei 2024, zilipopata hitilafu nyaya za EASSy na SEACOM, na Tanzania pamoja na nchi jirani zikabaki na mtandao wa kuburura miguu kwa siku kadhaa. Lile lilikuwa tukio. Likatangazwa, watu wakasubiri. Na huenda pia yuko mtu aliyeshika koki, naye ameifunga nusu kwa makusudi, asimwambie mtu. Kwa mnunuzi yote hayo yana sura moja. Mimi leo nataka tumtazame huyu mwenye koki.

Kisa chake kilicho mashuhuri kuliko vyote kilitokea Marekani, na kinafaa kuelezwa kwa urefu kwa kuwa mambo yake yalifika mbele ya tume na mahakama, hayakubaki kuwa minong'ono.

Iko njia ya kugawana mafaili katika mtandao ambayo haina ghala moja. Programu mashuhuri ya njia hiyo huitwa BitTorrent. Mfano wake ni msahafu uliogawanywa juzuu thelathini wakapewa wanafunzi thelathini. Kila aliyepata juzuu huinakili na kumpa mwenziwe, naye hupokea ya mwenziwe, hata kila mmoja akawa na msahafu kamili bila ya wote kupanga foleni mbele ya mwalimu mmoja. Kila anayechukua anatoa. Kwa desturi yetu hilo ni jambo jema. Lakini kwa kampuni ya mtandao lina uzito, kwa sababu nyumba moja inaweza kuwa inapokea na kutoa usiku kucha, na jirani zake wote wanapita katika bomba lilelile.

Mwaka 2007 mhandisi mmoja, Robb Topolski, mteja wa kampuni kubwa ya Comcast, alikuwa akigawa nyimbo za kale, zilizokwisha kupitwa na muda wa hakimiliki. Akaona haziendi. Alichunguza kwa ujuzi wake, akawatangazia watu alichokiona. Kampuni ilikana. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo shirika la habari la Associated Press likafanya jaribio lake lenyewe, na faili walilolichagua lilikuwa Biblia, ile tafsiri ya Kiingereza ya Mfalme James, ili pasiwe na mtu wa kusema kwamba kilichozuiwa ni mali ya wizi. Nayo ikazuiwa, na pale ilipopita, ilipita kwa kuchelewa. Ndipo kampuni ikabadilisha maneno: haizuii, bali inachelewesha.

Sasa sikiliza namna ilivyofanywa, maana hapo ndipo penye uchafu wenyewe. Kompyuta mbili zinapozungumza, kila moja ina ishara ya kumjulisha mwenziwe kwamba mazungumzo yamekatwa. Mitambo ya Comcast ilikuwa ikiingia katikati na kuipeleka ishara hiyo pande zote mbili, huku kila upande ukidhani ni mwenziwe aliyekata. Fikiri, ndugu msomaji, juu ya mshenga aliyetumwa kwenda kuposa. Akaenda kwa wazee wa binti akasema: upande wa bwana umeghairi. Kisha akarudi upande wa bwana akasema: wazee wa binti wamekataa. Nyumba mbili zikakaa na uchungu, kila moja ikimlaumu mwenzake, na mshenga yuko kati akilipwa ujira wake. Hata kama mshenga huyo alikuwa na sababu njema ya kuichelewesha posa ile, je, sababu njema inahalalisha kusema uongo kwa kinywa cha mtu mwingine?

Hata hivyo haki ni kumsikiliza mshitakiwa. Kampuni ilisema: njia ni moja, watumiaji ni wengi, na wachache wakiachiwa wataimeza njia yote, sisi tunawalinda walio wengi. Hoja hii si ya kudharauliwa. Anayejua maisha ya bomba la mtaani anaielewa. Maji ya Mabayani yanapofika mtaani kwa udhaifu, aliye mwanzo wa bomba akifungua mapipa yake yote, aliye mwisho hujaza upepo. Na si kweli kwamba dini yetu inakataza kugawa mfereji. Zubeir bin Awwam aligombana na mtu mmoja katika Ansari juu ya maji ya mifereji ya Harra, wakamwendea Mtume (S.A.W.), naye akaamua kwamba Zubeir, ambaye shamba lake lilikuwa juu, anyweshe kisha ayaachie maji yamfikie jirani yake. Na ngamia wa Nabii Swaleh (A.S.) alikuwa na zamu yake ya maji, na watu walikuwa na yao. Kugawa, kupanga zamu, hata kumpunguzia mmoja ili mwingine asife kiu, yote hayo yana asili.

Lakini tazama vizuri visa hivyo viwili. Zamu ya ngamia ilikuwa siku inayojulikana, kaumu nzima waliijua. Na hukumu ya Zubeir ilitolewa mbele ya wote wawili, wakasikia, na mmoja wao akachukia papo hapo. Hakuna aliyekwenda usiku kuziba mfereji kwa udongo, kisha asubuhi akamwambia jirani: labda mvua ni haba mwaka huu.

Na hoja ya msongamano yenyewe haikusimama. Tume ya Mawasiliano ya Marekani ilipolisikiliza shauri, mwezi wa Agosti 2008, kwa kura tatu dhidi ya mbili, iliona kwamba kampuni ilikuwa ikiwakatia wenye kugawana mafaili hata wakati ambapo njia haikuwa na msongamano, na hata kwa wale waliotumia kidogo. Hakuwa akizuiwa mlafi. Ilikuwa ikizuiwa aina ya mzigo. (Katika kikao cha wazi cha Tume hiyo, Februari 2008, katika Chuo Kikuu cha Harvard, kampuni ilikiri kuwa imewalipa watu wa kuishikia nafasi za kukaa. Mwenye hoja nzuri huwa hakodi makalio.)

Lipo jambo moja ambalo aghalabu watu hawalioni. Mwezi uleule wa Agosti kampuni hiyohiyo ilitangaza kwamba kuanzia Oktoba 1, 2008 kila nyumba itakuwa na mpaka wa gigabaiti 250 kwa mwezi. Watu walilalamika, na mimi siwalaumu. Lakini kwa mizani ya sheria hili lilikuwa afadhali mara nyingi kuliko lile la kwanza. Kwani hili ni pishi. Pishi ndogo, pishi ya ubahili ukipenda, lakini ina jina na idadi, na mnunuzi anaweza kuikubali au kwenda kwingine.

Huenda msomaji akasema: wengi wa hao wenye kugawana mafaili ni wezi wa filamu na nyimbo za watu. Wapo, na wizi ni wizi. Lakini mwenye basi akiamini kuwa baadhi ya abiria wake wamebeba mali ya wizi, je, atawashusha njiani wote wenye mabegi, na nauli aibakishe?

Kwa upande wa sheria za Marekani mambo yamekwenda na kurudi. Mahakama iliitengua amri ya Tume mwezi wa Aprili 2010, ikisema Tume haikuwa na mamlaka hayo; zikaja kanuni za 2015, zikafutwa 2017, zikarudishwa Aprili 2024, na Januari 2025 mahakama nyingine ikazibatilisha. Kanada iliamua tangu 2009 kwamba kampuni inayopunguza kasi lazima iwaeleze wateja wake waziwazi. Mimi naona Kanada waligusa kiini.

Turudi kwetu. Tarehe 2 Aprili 2021 bei za vifurushi zilipopanda hapa Tanzania, makelele yalisikika siku hiyohiyo, na Serikali ikayasimamisha mabadiliko yale. Kwa nini? Kwa sababu bei huonekana. Kasi ikishuka hakuna anayepiga kelele. Kila mtu huitikisa simu yake, akaizima na kuiwasha. Ndiyo maana mwenye kuuza kisichoonekana ana wajibu mzito zaidi wa kusema, wala si mwepesi zaidi. Kuandika "bila kikomo" kwa herufi kubwa, na kikomo kukizika katika masharti ambayo hata karani wa duka hajayasoma, ni kuuza rundo la nafaka kavu juu, mbichi chini. Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika rundo la namna hiyo sokoni na vidole vyake vikapata unyevu, mwenye mali alitoa udhuru wa mvua. Udhuru haukumfaa, kwani alichoulizwa ni kwa nini iliyolowa hakuiweka juu watu wakaiona.

Wala tusidhani kwamba mutaffif ni kampuni kubwa peke yake. Tuseme jirani yako amevuta faiba, akawauzia nyumba saba pale mtaani kwa malipo ya mwezi. Saa mbili usiku, wanawe wakitaka kutazama mpira, huingia katika ruta yake akawabana wale saba, na binti wa nyumba ya tatu, aliyekuwa akijaza maombi ya chuo katika siku ya mwisho, akaona ukurasa haufunguki. Bwana huyo ataswali Isha safu ya mbele. Angewaambia tangu mwanzo, "saa mbili hadi saa nne nina haja nayo mimi," na wakakubali, asingekuwa na neno juu yake.

Basi aliyekwisha fanya hivyo atatokaje? Wanazuoni wamesema haki ya mja haifutwi kwa istighfari tupu. Sharti imrudie mwenyewe, au warithi wake, na akikosekana kabisa, itolewe sadaka kwa niaba yake. Bwana wa ruta anazijua nyumba zake saba, anaweza kuzibishia hodi moja moja. Comcast nayo, mwishoni mwa 2009, ilikubali kutenga dola milioni 16 kuumaliza mgogoro na wateja wake, kila mmoja asizidi dola 16. Lakini kumbuka kwamba ishara ile ya uongo ilipelekwa pande mbili. Upande mmoja alikuwa mteja. Upande wa pili alikuwa mtu yeyote popote duniani, asiyekuwa na mkataba na kampuni ile, aliyekuwa akingoja juzuu yake akaambiwa kwamba mwenziwe ameondoka. Huyo hakuwa katika orodha ya kulipwa, wala hakupata kujua kwamba anadai.