Usafi ni Kitu Gani?

Neno usafi lina heshima kubwa katika lugha yetu. Twasema nia safi, moyo safi, Kiswahili safi. Lakini neno liheshimiwalo mno ndilo lifaalo kuchunguzwa, na pengine mahali pema pa kulichunguzia ni maabara.

Chukua moyo wa ng'ombe kutoka machinjioni Kampala. Ndani yake mna protini aina nyingi mno, na mojawapo ni kimeng'enya kiitwacho laktati dehidrojinasi, kigeuzacho laktati ili misuli ya moyo ipate nguvu. Mwanakemia wa Makerere atakaye kukijua barabara hana budi kukitenga. Husaga nyama katika maji baridi yenye chumvi, huondoa makapi, kisha huupitisha mchuzi katika bomba la kioo lililojaa chembe za agarosi, kitu kitokanacho na mwani. Chembe hizo zimefungwa rangi ya buluu ishikayo mahali pale pale pa NADH, mwenzi wa kimeng'enya hicho. Kimeng'enya hunasa, protini nyingi nyingine hupita. Hatimaye hutiwa NADH yenyewe, nacho huiacha rangi na kumfuata mwenzi wa kweli. Njia hii, kromatografia ya uhusiano, ilielezwa mwaka 1968 na Pedro Cuatrecasas, Meir Wilchek na Christian Anfinsen huko Marekani.

Kazi hiyo yatufunza mambo matatu. Kwanza, kilichopita si kichafu. Mioglobini, ambayo huhifadhi oksijeni ya misuli, humwagwa kwa kuwa tu haikuwa jibu la swali lililoulizwa. Pili, usafi una gharama: kila hatua huongeza nguvu ya kimeng'enya kwa kila miligramu ya protini, lakini hupunguza jumla iliyobaki. Tatu, kimeng'enya kilichotakaswa chafanya kazi chupani, bali moyo haupigi tena.

Kampala yalijua fundisho hili kwa uchungu. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Yaliitwa mapambano ya kuukomboa uchumi. Waliondoka wenye viwanda na maduka, waliondoka pia walimu na madaktari, uchumi ukadhoofika.

Huenda mtu akasema kwamba binadamu hawafananishwi na protini. Naam, na hapo ndipo penye hoja. Mwanakemia anajua kwamba moyo alionao umekwisha kufa, naye hadai kuufufua. Anatafuta elimu tu. Mtawala atakasaye watu huahidi kwamba moyo utapiga vizuri zaidi.

Nasi walimu tusijione tuko mbali. Tunapofuta neno la mwanafunzi kwa kuwa lina asili ya Kiganda au Kiingereza, tujiulize: je, neno hilo lina kosa, ama halikujibu tu swali letu? Kutenga ni njia halali ya kujua. Kuishi kwahitaji moyo mzima.