Mabao Manne ya Johannesburg

Mwulize shabiki wa Simba msimu wa 2020/21 ulikuwaje barani Afrika, na mara nyingi atakujibu kwa maneno mawili: nne bila. Hatataja Kinshasa, hatataja jioni ambayo Al Ahly ililala Kwa Mkapa, hatataja pointi 13 za kundi. Atataja Johannesburg, Uwanja wa FNB, Jumamosi ya tarehe 15 Mei 2021, siku Kaizer Chiefs walipoichapa Simba 4–0 katika mkondo wa kwanza wa robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Cha ajabu, hata Chiefs wenyewe, waliofika fainali mwaka ule, hawana wa kuwasifu sana. Wanakumbukwa kwa nafasi ya nane kwenye ligi ya kwao na kwa tatu bila za Casablanca. Mshindi na mshindwa wa usiku uleule wote wameachiwa kipigo kama kumbukumbu ya mwaka mzima. Jambo hili limekaa moyoni mwangu miaka yote hii, maana hivyo ndivyo tunavyoipima kazi ya mtu hata nje ya uwanja: tunaangalia siku yake ya mwisho, basi.

Tuanze na Simba. Safari yao ilikaribia kukatika mapema. Walifungwa 1–0 na FC Platinum huko Zimbabwe, wakarudi Dar es Salaam na kushinda 4–0 tarehe 6 Januari 2021. Furaha haijapoa, kocha Sven Vandenbroeck akaondoka, na timu ikaingia hatua ya makundi ikiwa na kocha mgeni kabisa, Mfaransa Didier Gomes. Kundi lilikuwa na AS Vita, Al Merrikh na mabingwa watetezi Al Ahly. Simba ikashinda Kinshasa kwa penalti ya Chris Mugalu. Tarehe 23 Februari Al Ahly wakaja Dar es Salaam, wametoka siku chache tu kutwaa medali ya shaba kwenye Kombe la Dunia la Klabu, na Luis Miquissone akawafunga bao ambalo kipa angeweza kulisindikiza kwa macho tu. Kundi likaisha Simba ikiwa kileleni, Al Ahly nyuma yake. Sidhani kama tuliwahi kukaa chini tukalitafakari vya kutosha jambo hilo. Timu ya Msimbazi ilimaliza juu ya klabu yenye mataji mengi kuliko zote Afrika, na wiki chache baadaye tulikuwa tayari tumeshazoea.

Wiki moja kabla ya kwenda Johannesburg, tarehe 8 Mei, ilikuwa siku ya dabi. Mchezo wa Simba na Yanga ulipangwa saa 11 jioni, kisha ukasogezwa hadi saa 1 usiku siku hiyohiyo. Yanga wakaja kwa saa ya kwanza, wakakataa saa ya pili, wakaondoka. Watu waliosafiri kutoka mikoani walirudi kwao bila kuona mpira. Sisemi hayo ndiyo yaliyoifunga Simba. Nasema timu iliyopanda ndege kwenda Afrika Kusini ilitoka kwenye nchi iliyoshinda wiki nzima ikibishana kuhusu saa, wala si kuhusu Kaizer Chiefs.

Uwanja wa FNB uko Nasrec, mlangoni mwa Soweto. Umejengwa kwa umbo la kibuyu, na ukuta wake wa nje umepambwa kwa rangi za udongo na moto. Hapo ndipo Nelson Mandela alipohutubia umati mkubwa tarehe 13 Februari 1990, siku mbili baada ya kutoka kifungoni, na hapo ndipo ilipochezwa fainali ya Kombe la Dunia 2010. Una nafasi ya watu zaidi ya 90,000. Siku ya Simba viti vyote vilikuwa vitupu kwa sababu ya Uviko. Sauti ya kocha ilisikika kwenye televisheni kama ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto.

Nilitazama mchezo ule kwenye kibanda umiza Temeke. Zilikuwa siku za Idi, watoto wamevaa nguo mpya, na mbele yangu alikaa baba mmoja mwenye kanzu nyeupe aliyempakata mwanawe mwenye jezi nyekundu. Mchezo haujafika hata dakika ya kumi, beki mrefu Eric Mathoho akafunga. Kibanda kikasema bado mapema. Samir Nurkovic akafunga la pili kabla ya mapumziko, akaongeza la tatu kipindi cha pili, na Leonardo Castro akafunga la nne. Watu walianza kutoka mmoja mmoja baada ya la tatu. Yule baba hakutoka. Mtoto alitaka kwenda, akamwambia, "Kaa, mwanangu, tumekuja kuangalia Simba." Wakakaa mpaka kipyenga cha mwisho, na baba akanyanyuka akamkung'uta mtoto vumbi la benchi mgongoni.

Wiki moja baadaye, tarehe 22 Mei, ukaja mchezo wa marudiano. Kwa hesabu za wengi haukuwa na sababu ya kuchezwa. Nani atafunga mabao manne bila kufungwa, robo fainali, dhidi ya timu itakayojilinda kwa dakika 90? Magazeti yalishaandika tanzia. Nahodha John Bocco akafunga kipindi cha kwanza, akafunga tena mapema kipindi cha pili. Zikafuata dakika nyingi ngumu: mipira inarudi, wageni wanalala chini, saa inakimbia. Clatous Chama akafunga la tatu zikiwa zimebaki dakika chache sana, na kwa muda ule mfupi nchi nzima ilisimama, maana bao moja tu lingewapeleka kwenye matuta. Halikuja. Simba iliaga mashindano kwa jumla ya 4–3.

Tunao usemi wetu wa viwanjani kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Ni usemi mzuri, lakini tunautumia upande mmoja tu, kumnyamazisha aliyefungwa. Bocco na wenzake walikubali kwamba wamefungwa Johannesburg, kisha wakacheza mchezo wa pili kana kwamba ndio wa kwanza. Kukubali kwa namna hiyo kuna kazi ndani yake. Mchezo ule wa tarehe 22 Mei, kwa maoni yangu, ni miongoni mwa michezo bora kabisa klabu ya Tanzania imewahi kucheza, na haukuleta kitu kinachoweza kuwekwa kabatini.

Sasa tuwatazame walioshinda. Chiefs walianza msimu ule wakiwa na jeraha. Septemba 2020 walipoteza ubingwa wa Afrika Kusini siku ya mwisho kabisa: walitoka sare ya 1–1 na Baroka wakati Mamelodi Sundowns wakishinda mchezo wao. Walikuwa wameongoza ligi kwa sehemu kubwa ya msimu. Juu ya hilo, FIFA iliwafungia kusajili kwa madirisha mawili. Kocha aliyekuja, Gavin Hunt, alikuwa mtu mwenye mataji manne ya ligi, moja akiwa amelitwaa mwaka 2017 na Bidvest Wits wa Johannesburg hiyohiyo. Alikabidhiwa kikosi ambacho hangeweza kukiongezea mtu.

Ligini mambo yakawa mabaya. Afrika nako, mchezo wao wa ugenini dhidi ya Wydad ulihamishiwa Ouagadougou baada ya Morocco kuwanyima viza kwa sababu ya Uviko, na huko wakafungwa 4–0. Tarakimu zilezile. Mara nyingi sisi wa Simba tunasahau kwamba waliotufunga nne walikuwa wameshazila nne wenyewe. Walijikusanya, wakawafunga Wydad 1–0 FNB, wakapata sare ya 2–2 Conakry dhidi ya Horoya na kufuzu nyuma ya Wydad. Kisha ndipo tukakutana nao.

Siku sita baada ya mchezo wa Dar es Salaam, tarehe 28 Mei, Hunt aliachishwa kazi. Timu yake ilikuwa nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa kwa mara ya kwanza katika historia yake. Arthur Zwane na Dillon Sheppard wakashika benchi, Chiefs wakaenda Casablanca na kuwashinda Wydad 1–0 kwa bao la Nurkovic, wakatoka 0–0 nyumbani. Klabu iliyomaliza ya nane kwao ikawa fainali ya Afrika.

Inafaa kuijua klabu yenyewe. Kaizer Motaung, kijana wa Orlando, Soweto, alichezea Orlando Pirates, akaenda Marekani mwaka 1968 kuchezea Atlanta Chiefs waliotwaa ubingwa wa nchi ile mwaka huohuo. Aliporudi akaanzisha timu Januari 1970, akaipa jina lake na jina la timu aliyoiacha ng'ambo. Zilikuwa zama za ubaguzi, na kwa mtu mweusi wa Soweto uwanja wa mpira ulikuwa miongoni mwa mahali pachache pa kupumua Jumamosi. Shabiki mmoja wa Chiefs, Alfred Baloyi, ndiye aliyeanza mwaka 1979 kuchonga kofia ngumu za kazini na kuzipaka rangi za timu, zile makarapa unazoziona leo. Alianza baada ya kuona mtu akipigwa chupa kichwani uwanjani. Watu wa namna hiyo ndio waliokuwa wakiisubiri fainali, nao hawakuruhusiwa kuingia uwanjani msimu mzima.

Fainali ilichezwa Casablanca tarehe 17 Julai 2021. Wiki hiyo Johannesburg ilikuwa inaungua. Baada ya rais wa zamani Jacob Zuma kupelekwa gerezani, ghasia zilienea KwaZulu-Natal na Gauteng, zikaua watu zaidi ya 300. Maduka makubwa ya Soweto yaliporwa, na kwenye Maponya Mall wakazi walijipanga wenyewe kuyalinda yasiguswe. Juu ya hapo kulikuwa na wimbi la tatu la Uviko. Ndani ya wiki hiyo wachezaji kumi na mmoja wenye jezi za dhahabu na nyeusi waliingia uwanjani kukutana na Al Ahly, ambayo kocha wake, Pitso Mosimane, alizaliwa Kagiso, magharibi mwa Johannesburg. Kabla ya mapumziko kijana Happy Mashiane alipewa kadi nyekundu baada ya mwamuzi kutazama marudio ya picha. Wakiwa kumi, Chiefs walifungwa mabao matatu kipindi cha pili. Mosimane akatwaa taji lake la tatu la Afrika.

Najua hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Klabu kubwa haiishi kwa safari nzuri. Chiefs walikuwa hawajachukua kombe lolote tangu 2015, na shabiki anayenunua jezi kwa mshahara mdogo ana haki ya kudai. Kocha hulipwa ili ashinde. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na wepesi wetu wa kusahau. Gomes, aliyeiweka Simba juu ya Al Ahly, hakumaliza mwaka: Oktoba 2021 Simba ilishinda 2–0 Botswana dhidi ya Jwaneng Galaxy, ikafungwa 3–1 nyumbani na kutolewa, na baada ya siku chache akaondoka. Tarehe 10 Mei 2025 Chiefs hatimaye walipata kombe, wakiwafunga Pirates 2–1 Durban katika fainali ya Kombe la Nedbank. Kocha alikuwa Nasreddine Nabi, ambaye Watanzania tunamjua kama Profesa, aliyeifikisha Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023 na kuikosa kwa sheria ya bao la ugenini. Kombe la kwanza baada ya miaka kumi! Ilipofika Oktoba mwaka huohuo, Nabi na Chiefs walikuwa wameachana.

Shukrani ya punda tunaijua, ni mateke, lakini klabu zina watu wazima, na wanaweza kuamua vingine. Kumwachisha kocha kazi ni uamuzi wa uongozi. Kumshukuru hakuhitaji kikao. Yule baba wa Temeke hakuwa kiongozi wa tawi lolote, na alielewa kwamba amekuja kuwaangalia watu wakifanya kazi hadi mwisho wa muda wao.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja kwa viongozi wa Simba, Yanga, Chiefs na wengine wote. Msimu ukiisha bila kombe, mwiteni kocha na manahodha mbele ya wanachama kwenye mkutano mkuu, msome waliyoyafanya, mchezo mmoja baada ya mwingine, nanyi mashabiki msimame mpige makofi. Kama mmeshaamua kuachana, achaneni kesho yake.