Nakshi Ilikuwa ya Bi Mkubwa



Leo sianzi na somo la Dominika. Naanza na soksi. Soksi za watoto wachanga, zile ndogo ambazo ukizivika vidole viwili zinajaa.

Vijana wa parokia kadhaa za bara, wengi tunafahamiana tangu makongamano, tulianzisha shindano la kirafiki kwa njia ya simu. Kila mmoja abuni nakshi yake, afume jozi moja ya soksi, apige picha na aandike maelezo mafupi ya jinsi alivyoibuni. Kisha tunapiga kura. Zawadi ni mabunda ya nyuzi na rozari. Soksi zote, za mshindi na za aliyeshika mkia, zinakwenda kwenye wodi ya wazazi huko Nyanda za Juu Kusini, ambako mwezi wa Juni na Julai baridi inaingia mpaka kwenye mifupa na mtoto mchanga anapoteza joto haraka. Sharti lilikuwa moja tu: nakshi iwe yako.

Mimi wakati huo nilikuwa Kisiwa Panza, kwa kazi ya mikoko, miezi saba. Wengi wenu jina hilo mlilisikia Machi 2024, ule msiba wa nyama ya kasa uliowachukua watu tisa, wanane wakiwa watoto. Tuwaombee. Kisiwa chenyewe kiko kusini mwa Pemba, Wilaya ya Mkoani, na unavuka kwa chombo kutoka Chokocho. Watu wake ni Waislamu. Jumapili nilikuwa naamka gizani, navuka, napanda gari, nafika kanisani nimechoka kabla ya wimbo wa kuingilia. Na ndiyo, hata mimi nilicheka mwanzoni: mtu anakaa mahali ambapo shuka usiku unalitupa kando, halafu anafuma soksi za sufi.

Jirani yangu alikuwa mama mmoja mjane. Wote tulimwita Bi Mkubwa, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Kila alasiri alikaa barazani kwake akishona kofia. Ninyi wa bara mnaziona kofia hizi vichwani mwa watu siku ya Ijumaa bila kujua kazi yake. Kofia ya viua huanza na kitambaa cheupe na kalamu ya risasi. Fundi anachora nakshi kwa mkono, anatoboa tundu moja moja, kisha kila tundu analizungushia uzi kwa sindano mpaka ukingo wake unakaza. Hilo tundu ndilo kiua. Kofia moja ina viua vingi mno, na inakula wiki nyingi za macho ya mtu. Waomani nao huvaa kofia za namna hii, wao huziita kumma.

"Shikamoo Bi Mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Kaa, chai ipo."

Basi nilikaa, yeye na kofia yake, mimi na sindano zangu nne. Alikuwa ananitazama navyofuma kwa mzunguko, vitanzi 36 vikiwa vimegawanywa kwenye sindano tatu na ya nne ikifanya kazi, na siku moja akasema, "Mbona kama unapigana na kaa?" Tulicheka mpaka chai ikamwagika.

Siku nyingine alinitolea kofia kutoka kwenye mfuko. Aliishona kwa ajili ya nikahi ya mwanawe, na nakshi aliichora mwenyewe. Viua vitano vinapanda na kushuka kama wimbi, cha tatu kiko juu kabisa, kisha mstari unarudi tena. Nilipigwa na butwaa. Nikaomba kupiga picha. Akasema, "Piga, ni kofia tu."

Usiku ule nilikaa na taa. Wanaofuma wanajua: tundu kwenye ufumaji ni jambo rahisi. Unazungusha uzi mara moja juu ya sindano, kisha unafuma vitanzi viwili kwa pamoja ili idadi isiongezeke, na tayari una kiua. Nikahesabu picha, nikaipanga nakshi kwa vitanzi 12, ikarudi mara tatu kuzunguka mguu bila kubaki hata kitanzi kimoja. Nikaiweka juu ya kifundo tu, maana tundu likikaa kwenye vidole, kidole cha mtoto kitanaswa. Katika picha niliona kiua cha tatu ni kikubwa kuliko wenzake. Nikadhani Bi Mkubwa aliteleza, macho ya uzee. Nikakirekebisha, vyote vikawa sawa.

Kisha nikaandika maelezo. Niliandika kwamba jioni moja nilikaa ufukweni nikitazama mawimbi yakipanda na kushuka, ndipo Roho Mtakatifu akanifunulia nakshi hii.

Ndiyo. Nilimtaja Roho Mtakatifu.

Nilishinda. Watu waliandika "hongera dada", "una kipaji kutoka kwa Mungu", mmoja akaomba nimfundishe kubuni. Nilifurahi siku mbili nzima, nisiwadanganye. Siku ya tatu Bi Mkubwa aliniita chai, na nikajikuta nimesema nina kazi. Siku ya nne vilevile. Ndipo nikajua kitu kimeharibika, kwa sababu sikuwa na kazi yoyote.

Sasa tufungue Biblia, Kutoka sura ya 31. Mungu anataka hema takatifu lijengwe. Ungetegemea aseme, "Tafuteni mafundi." Hasemi hivyo. Anamwambia Musa kwamba amemwita mtu kwa jina lake, Bezaleli, na anamtaja baba yake Uri na babu yake Huri na kabila lake Yuda. Anasema amemjaza roho wa Mungu ili abuni kazi za ustadi. Kisha anamtaja na mwenzake, Oholiabu mwana wa Ahisamaki, wa kabila la Dani. Ukienda sura ya 35 utakuta watarizi wenyewe, wa nyuzi za buluu na zambarau na nyekundu. Yaani katika Maandiko Matakatifu, katikati ya sheria na sadaka, Mungu anasimama kutuambia fundi ni nani na ni mtoto wa nani.

Soma pia Matendo ya Mitume sura ya 9. Yopa, mji wa pwani, na Tabitha amefariki. Petro anapoingia, wajane wanalia huku wakimwonyesha kanzu na nguo alizotengeneza Tabitha alipokuwa nao. Luka anatupa jina lake mara mbili, kwa Kiaramu na kwa Kigiriki, Tabitha na Dorkas, maana yake paa. Wale wajane hawakusema "tazama nguo zetu nzuri." Walisema nani alizishona. Sasa jiweke pale. Fikiria kuna binti mmoja katika kundi lile anashika kanzu ya Tabitha na kumwambia Petro, "Hii nimebuni mimi." Mbele ya maiti. Mimi niliposoma mstari ule safari hii nilifunga Biblia.

Kuna anayejibu: dada, viua vinashonwa pwani yote, nakshi haina mwenyewe. Nami nilijiambia hivyo kwa wiki nzima, kwa hiyo hoja naijua vizuri. Ufundi wa viua ni wa wote, kama Kiswahili kilivyo cha wote. Lakini barua niliyokuandikia kwa Kiswahili si ya wote. Tena kosa langu halikuwa kuifuma nakshi. Alinipa picha kwa moyo mweupe, na ningemwomba nitumie, naamini angekubali. Kosa ni kwamba nilimfuta yeye nikajiandika mimi, kisha nikamsingizia Mungu.

Na tusijifanye hili ni la soksi peke yake. Wanakwaya mpo hapa? Ni mara ngapi nota zimetolewa nakala hadi jina la mtunzi limebaki nje ya karatasi, na siku ya sherehe mwalimu wa kwaya anapigiwa makofi yote? Wanavyuo, zile kazi mnazokabidhi... basi, naishia hapo.

Shindano lenyewe halikuwa dhambi. Mtakatifu Paulo, Warumi 12:10, anatutaka tuwatangulize wenzetu katika heshima. Kuna namna ya kushindana inayopendeza, ile ambapo ukiona soksi ya mwenzako unasema "jamani, kisigino hicho umekigeuzaje?" na unafurahi kweli. Sisi tulianza hivyo. Mimi ndiye niliyetoka nje ya mstari.

Nilikwenda kuungama. Siri ya maungamo inamfunga padre. Mimi ninaweza kuwaambia, ingawa si yote. Nilitegemea Salamu Maria tatu nirudi zangu. Padre aliniuliza swali moja: "Huyo mama anajua?" Nikasema hapana. Akaniambia malipizi yangu yanaanzia pale barazani.

Fungueni Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2412. Haki inadai kilichoibwa kirudishwe kwa mwenyewe, na Kanisa linamkumbuka Zakayo wa Luka 19, aliyeahidi kurudisha mara nne. Namba 2487 inakwenda mbele zaidi: kosa dhidi ya ukweli nalo lina deni la kulipizwa, hata kama umesamehewa. Na kama ulikosea hadharani, jitahidi kulipiza hadharani. Hapo ndipo nilipotaka kujifanya sijasoma.

Maana fikiria. Katika kisiwa kile, kwa Bi Mkubwa, Mkristo anayemjua kwa jina na kunywa naye chai ni mimi. Kanisa katika tamko la Nostra Aetate, mwaka 1965, linasema linawaheshimu Waislamu. Sasa heshima hiyo kwa Bi Mkubwa haiji kwa karatasi ya Vatikano. Inakuja na miguu yangu, hodi, kwenye baraza lake.

Nilikwenda alasiri. Nilimwambia yote, na picha ya soksi nikamwonyesha, na maelezo niliyoandika nikamsomea, hata pale pa Roho Mtakatifu. Hakukatiza. Alichukua simu, akaikaribisha machoni, akaitazama muda mrefu. Nilitegemea atacheka au atafoka.

Akasema, "Kiua cha tatu umekiua."

Sikuelewa. Akachukua kofia aliyokuwa akishona, akaweka kidole. Cha tatu kikubwa. Akatoa nyingine kwenye mfuko, cha tatu kikubwa. "Hiki ndicho mimi," akasema. "Mtu akiiokota kofia hii njiani, anayejua anajua imetoka mkononi mwangu."

Wapendwa, nilidhani namsahihisha. Kumbe nilifuta saini yake kwa mkono wangu mwenyewe, usiku, kwa taa, huku nikijiona fundi.

Nikamwomba radhi. Akanyamaza tena, kisha akasema neno ambalo bado linanichoma: "Nakshi si kitu, mwanangu. Umekunywa chai hapa siku ngapi, ukaninyamazia." Halafu akauliza kama ni kweli hao watoto wanapata baridi. Nikamweleza habari za Njombe, kwamba kuna asubuhi majani yanakuwa meupe kwa jalidi. Akatikisa kichwa. "Basi fumua," akasema, "uanze upya."

Usiku ule niliandika kwa wenzangu. Niliandika mara nne nikifuta, kila mara najikuta nimetafuta kisingizio. Mwisho ikawa mistari mitano: nakshi si yangu, ni ya mama jirani yangu, sikumwomba, maelezo niliyotoa ni uongo, naomba msamaha na naachia nafasi. Wengine walikaa kimya. Mmoja aliniandikia pembeni maneno makali, na alikuwa na haki. Ushindi ulikwenda kwa kijana mmoja wa kiume (ndiyo, wavulana wanafuma, acheni hizo) aliyefuma soksi za kijivu zenye mistari miwili tu, imara, zisizovuja joto hata chembe. Nilipozitazama tena kwa utulivu, zilistahili tangu mwanzo.

Yohana 19 inasema kanzu ya Bwana wetu haikuwa na mshono, ilifumwa nzima kutoka juu. Soksi ya mzunguko nayo haina mshono, na nilipokuwa nafumua zile zangu nilikuwa nikiifikiria kanzu ile. Askari waliipigia kura bila kuuliza nani aliifuma. Kuna mapokeo ya Wakristo yanayosema ni Mama Maria. Biblia haisemi. Lakini mtu aliifuma, na Yesu alipoivaa alijua ni nani.

Kiua kikubwa unakipata kwa kuzungusha uzi mara mbili badala ya moja. Nilimwonyesha Bi Mkubwa, akashika sindano nne kwa mara ya kwanza maishani, akalalamika, akaendelea. Nusu ya mguu mmoja ni kazi yake. Tulimaliza jozi tatu, viua vya tatu vyote vikiwa vikubwa, tukazituma bara nje ya shindano.

Kabla sijafunga mfuko nilimuuliza tuandike nini. Nilifikiri atasema "Bi Mkubwa" yatosha. Akasema hapana, andika jina langu lote. Likafuata la baba yake. Likafuata la babu yake. Hataki liwekwe mtandaoni, kwa hiyo hapa hamtaliona. Lipo kwenye kipande cha karatasi, majina matatu kwa herufi kubwa, kimeshikizwa kwenye jozi ya kwanza kwa uzi mweupe wa kofia.