Somo la 8: Tini na Nyoka wa Shaba

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: 2 Fal. 20:1–7, Dan. 1:8–16, Yn. 9:1–3, Hes. 21:4–9, 2 Fal. 18:1–4, Kut. 20:16, Mit. 18:13.

Fungu la Kukariri: 2 Wafalme 20:7. Likariri kutoka katika Biblia yako. Sabato ijayo kila mmoja aeleze kwa maneno yake kile ambacho Isaya aliagiza.

Mshiriki akilazwa kwa nimonia, kanisa hufika upesi. Mmoja huleta uji, mwingine huleta maombi, na mara nyingi yupo anayeleta chupa ya vidonge vya vitamini pamoja na maelezo mengi. Wakati wa corona maelezo hayo yaliongezeka. Wengine walisema vitamini D yatosha, wengine wakasema ni vitamini C, na wapo waliomshauri mgonjwa asiende hospitali kabisa.

Sisi Waadventista tumepewa ujumbe wa afya, na majirani hutusikiliza tunapousema. Kwa hiyo swali la juma hili ni zito. Tumwambie nini mtu ambaye pumzi yake ni ya shida? Mfalme Hezekia atatusaidia kujibu, maana mtu huyu mmoja alikubali dawa ya tini na pia alivunja nyoka wa shaba.

Jifunze somo la juma hili ili kujiandaa kwa ajili ya Sabato ijayo.

JUMAPILI: Tini Juu ya Jipu

Soma 2 Wafalme 20:1–7. Ni mambo gani yaliyotangulia kabla ya tini kuletwa?

Hezekia alikuwa mgonjwa wa kufa. Aliomba, akalia, na Mungu akamwahidi miaka 15 zaidi. Baada ya ahadi hiyo nabii aliagiza andazi la tini, likawekwa juu ya jipu. Mungu aliyeweza kuponya kwa neno tu alichagua kutumia tunda la shambani. Ahadi haikuifanya dawa kuwa ya bure, na dawa haikuchukua nafasi ya ahadi.

Vitamini ni zawadi za namna hiyo. Mwili unazihitaji kwa kiasi kidogo sana, lakini ukizikosa unadhoofika. Vitamini A hulinda utando laini unaofunika koo, njia ya hewa na mapafu. Ikipungua, utando huo hukauka na kuwa mgumu, na vijidudu hupata mlango. Muumba aliiweka tayari jirani nasi: rangi ya chungwa iliyomo katika karoti, embe, papai na viazi lishe, na majani ya kijani kama mchicha na kisamvu, hugeuzwa na mwili kuwa vitamini A. Mafuta kidogo katika mboga husaidia mwili kuipokea.

Je, ni katika mambo gani umekuwa ukitenganisha maombi na matibabu, kana kwamba ukichagua kimoja lazima ukiache kingine?

JUMATATU: Watoto wa Mvumi

Soma Danieli 1:8–16. Danieli alikubali chakula chake kipimwe kwa njia gani?

Danieli hakudai tu kwamba chakula chake ni bora. Aliomba siku kumi, kisha nyuso zao zilinganishwe na nyuso za vijana wengine, na msimamizi aamue kwa kadiri ya atakavyoona. Mtu mwenye hakika na Mungu wake haogopi kulinganishwa.

Jambo linalofanana na hilo lilifanyika Tanzania, katika Hospitali ya Mvumi mkoani Dodoma, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1987. Watoto 180 waliolazwa kwa surua waligawanywa katika makundi mawili, kama kwa kupiga kura. Wote walipata matibabu ya kawaida, lakini kundi moja liliongezewa vitamini A, yuniti 200,000 siku ya kwanza na kiasi hicho hicho siku ya pili. Zaidi ya watoto 9 katika kila 10 walikuwa na kiwango cha chini sana cha vitamini hiyo katika damu. Kati ya watoto 88 waliopewa, walikufa 6. Kati ya 92 wasiopewa, walikufa 12. Kwa walio chini ya miaka miwili, alikufa mtoto 1 upande wa kwanza na 7 upande wa pili. Nafuu ilionekana zaidi kwa wale ambao surua ilikuwa imevimbisha koo na njia ya hewa.

Mwaka 1990 utafiti wa Cape Town wa watoto 189 wenye surua kali ulionyesha vivyo hivyo: vifo 2 kati ya 92 waliopewa, na 10 kati ya 97 wasiopewa. Ndiyo maana leo mtoto mwenye surua hupewa vitamini A hospitalini. Zawadi ndogo, ikifika mahali palipo na upungufu, huokoa uhai.

JUMANNE: Ghala Tupu

Soma Yohana 9:1–3. Wanafunzi walikosea wapi katika kutafuta chanzo?

Wapimaji wameona mara nyingi kwamba wagonjwa mahututi wa mapafu wana vitamini chache katika damu. Wengi husema papo hapo, “Upungufu ndio uliowafikisha huko.” Labda. Lakini mji ukizingirwa na adui kwa miezi mingi, mwishoni ghala lake huwa tupu, na hakuna asemaye kwamba ghala tupu ndilo lililomleta adui. Vivyo hivyo maambukizi makali yenyewe hushusha kiwango cha vitamini A katika damu. Tena wazee na watu walioumwa kwa muda mrefu, wasiotoka juani, huwa na vitamini D kidogo, na hao hao huzidiwa upesi hata kwa sababu nyingine.

Njia ya kujua ni ile ya Danieli. Miaka ya 1990, Dar es Salaam, watoto 687 waliolazwa kwa nimonia walifuatiliwa, baadhi wakipewa vitamini A. Safari hii vitamini haikupunguza ukali wa ugonjwa wala siku za kulazwa. Brazili nako, wagonjwa 240 wa corona waliolazwa waligawanywa, na nusu yao wakapewa yuniti 200,000 za vitamini D kwa mara moja. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Kiwango katika damu kilipanda vizuri, lakini hawakutoka hospitalini mapema kuliko wenzao.

Kwa hiyo kiwango kidogo katika damu si hukumu juu ya mgonjwa, na kukipandisha si lazima kumponye. Je, umewahi kumlaumu mgonjwa moyoni kwa kusema, “Angalikula vizuri asingaliugua”?

JUMATANO: Nehushtani

Soma Hesabu 21:4–9 na 2 Wafalme 18:1–4. Kitu kilichotolewa na Mungu kiligeukaje kuwa kosa?

Nyoka wa shaba hakuwa uzushi wa Musa. Mungu mwenyewe aliagiza atengenezwe, na walioumwa na nyoka wakimtazama waliishi. Lakini alitolewa kwa ajili ya sumu ile, jangwani pale. Karne nyingi baadaye watu walikuwa wakimfukizia uvumba. Hezekia akamvunja vipande vipande na kumwita Nehushtani, yaani kipande cha shaba tu.

Mfalme huyo huyo, alipougua, hakukataa tini. Hakuona kinyume kati ya mambo hayo mawili, wala hakipo. Alijua kutofautisha zawadi na hirizi.

Kidonge kilichowaokoa watoto wa Mvumi chaweza kugeuka Nehushtani mikononi mwetu. Hugeuka tunapokipa kazi ambayo hakikupewa, tunapokiuza kwa woga wa watu, au tunapokizidisha tukidhani wingi ndio nguvu. Vitamini A ikizidi huumiza ini, na kwa mama mjamzito huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Vitamini D ikizidi hupandisha madini ya chokaa katika damu na kuharibu figo.

ALHAMISI: Ushuhuda Kitandani pa Mgonjwa

Soma Kutoka 20:16 na Mithali 18:13. Amri ya tisa inahusianaje na ushauri wetu wa afya?

Mara nyingi tunaifikiria amri hii kwa habari ya mahakama na masengenyo. Lakini anayemwambia mgonjwa, “Kunywa hivi, utapona,” naye anashuhudia. Akisema zaidi ya anachojua, na mgonjwa akachelewa kufika hospitali, uongo ule una gharama ya uhai, hata kama ulisemwa kwa upendo.

Basi tuseme yaliyo kweli. Mtoto anayepumua haraka, ambaye kifua kinabonyea ndani akivuta hewa, ambaye midomo inageuka rangi au ambaye hawezi kunyonya wala kunywa, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Anahitaji kupimwa, pengine oksijeni na dawa za kuua vijidudu. Mama apeleke mtoto kliniki kwa matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita, kuanzia miezi sita hadi miaka mitano, na kwa chanjo ya surua katika miezi tisa na tena kumi na minane. Nyumbani tule mboga za majani na matunda, tutoke juani, tulale vya kutosha. Haya ni madogo, lakini hujenga ghala kabla adui hajafika.

Nasi tukae na mgonjwa na kuomba. Mungu wa Hezekia anasikia wodini pia.

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Soma tena Isaya 38 yote, hasa wimbo wa shukrani wa Hezekia katika fungu la 9 hadi la 20. Angalia ni nani anayepewa sifa baada ya kupona, na kama tini zinatajwa katika wimbo huo.

Maswali ya Kujadili

1. Utamjibu nini kwa upole mshiriki anayesema kwamba kwenda hospitali ni kukosa imani? Tumia kisa cha Hezekia.

2. Vitamini ile ile iliwasaidia watoto wa Mvumi, lakini haikuwasaidia wale wa Dar es Salaam. Jambo hili latufundisha nini kuhusu kupokea kila zawadi ya Mungu kwa kusudi lake?

3. Ni ushauri gani wa afya unaozunguka kanisani kwenu ambao hakuna aliyeupima? Darasa lifanye nini kabla ya kuupitisha kwa wengine?

4. Pangeni nani atamtembelea mgonjwa aliye karibu nanyi juma hili. Atabeba nini, na ataepuka kusema nini?