Umeme wa Kichwani na Haki ya Mgonjwa wa Akili

Yafaa mtu kutiwa umeme kichwani kwa maradhi ya akili, na hali ile akili ya kuridhia au kukataa ndiyo iliyougua? Wengi wakisikia habari hii hudhani ni adhabu. Sivyo. Ni tiba, na waliyoianza ni matabibu wawili wa Kitaliani, Ugo Cerletti na Lucio Bini, mjini Roma mwaka 1938. Umeme hupitishwa kichwani kwa sekunde chache, mgonjwa akapatwa na mtukutiko kama wa kifafa, kisha akatulia. Hurejewa mara mbili au tatu kwa juma, mara 6 hadi 12 kwa kawaida. Waliozama katika huzuni hata wakaacha chakula, na walioganda kama magogo wasiseme wala wasitikisike, wengi wao hupata nafuu upesi. Madhara yake makubwa ni kusahau, na baadhi ya waliyoyasahau huenda yasiwarudie.

Ili tusiseme hewani, natutazame Bara Hindi. Huko, kwa miaka mingi, hospitali kadha wa kadha zilikuwa zikitoa tiba hii kavukavu, bila ya nusukaputi wala dawa ya kulegeza misuli. Mgonjwa hushikwa mikono na miguu, naye yu macho mpaka umeme unapomwingia. Misuli hukazana kwa nguvu hata huweza kuvunja pingili za uti wa mgongo. Mwaka 2001 chama kiitwacho Saarthak kilipeleka jambo hili mbele ya Mahakama ya Juu, na Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2017, katika kifungu cha 95, ikaikataza kabisa namna hiyo kavu. Kwa watoto nayo ikakatazwa, ila daktari akiona hapana budi, mlezi akaridhia, na Bodi ikatoa idhini kwanza.

Wako madaktari waliotetea ile njia ya kavu. Walisema: wataalamu wa nusukaputi ni wachache, maskini hana fedha, na mgonjwa akingojea atajiua. Hoja hii ina uzito, wala hatuidharau. Lakini twauliza: ni daktari gani athubutuye kumpasua maskini tumbo hali yu macho, kisha akatoa udhuru wa uchache wa wataalamu? Angeshitakiwa siku ile ile. Basi kilichohalalisha kwa huyu kisichohalalika kwa yule si umaskini. Ni kwamba mwenda wazimu akilia haaminiwi. Kilio chake chahesabiwa ni katika ugonjwa wake.

Hata hivyo, sheria hiyo hatukubaliani nayo yote. Kifungu cha 94 chakataza umeme usitumiwe katika tiba ya dharura, ambayo ukomo wake ni saa 72. Sasa yule asiyekunywa maji, aliyefumba kinywa, ambaye ndiye afaidikaye zaidi na tiba hii, afanyweje? Mafakihi wetu wamemwekea asiye na akili walii wa kumtazamia maslahi yake, na kuokoa roho ndiyo ya mbele. Sisi twaona walii akiridhia, na madaktari wawili wakishuhudia hatari, na nusukaputi ipo, mlango usifungwe.

Kifungu hicho hicho cha 95 chataja na jambo jingine, nalo latuhusu sisi Waislamu khasa. Chakataza kumfunga mgonjwa minyororo. Huko Erwadi, katika Tamil Nadu, pana kaburi la mtu anayetukuzwa, na jamaa walikuwa wakiwapeleka wagonjwa wao ili wapoe kwa baraka yake. Karibu na hapo palikuwa na mabanda ya kuwaweka kwa malipo. Alfajiri ya tarehe 6 Agosti 2001 banda moja liliwaka moto. Wagonjwa 28 wakafa, kwa kuwa walikuwa wamefungwa minyororo wasiweze kukimbia. Baadaye serikali iliyafunga mabanda yale na kuwachukua mamia ya wagonjwa waliobaki.

Waliopelekwa pale hawakuulizwa ridhaa yao, wala hapakuwa na Bodi, wala daktari. Waliowafunga walikuwa ni watu wao wenyewe, wenye kuwapenda, na wengi wa hao wangaliogopa kumpeleka ndugu yao hospitali wakidhani atatiwa umeme.