Je, "Mungu Atatoa" Ni Bajeti?



Kila inapokaribia tarehe 3 Juni, sikukuu ya Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake, swali linarudi kwa vijana wa huku Kagera: mwaka huu twende Namugongo kwa baiskeli? Wazo ni zuri. Bukoba hadi mpakani Mutukula ni kama kilomita 80, kisha Masaka, kisha Kampala. Jumla ni kama kilomita 300 hivi. Kwa baiskeli isiyo na gia, na vilima vyetu hivi, kilomita 60 kwa siku zinatosha kabisa. Basi ni siku tano za kwenda. Halafu kuna kurudi, ambako wengi hukusahau.

Shida ni hela. Mpango wa wengi ukiusoma uko hivi: hela ya viraka, tyubu na spoku za akiba, ipo. Ya hati ya kusafiria, ipo. Ya chakula, nusu. Ya malazi, sifuri. Ukiuliza mtalala wapi, unajibiwa, "Mungu atatoa, kila parokia ina watu." Tujiulize kwa utulivu: hiyo ni imani, au tumempelekea mtu mwingine gharama zetu bila kumwambia?

Anayetetea mpango huo atafungua Luka sura ya 9, Yesu anapowatuma mitume bila mkoba wala fedha. Ni kweli. Ila asome pia sura ya 14, ya mtu anayekaa chini kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Hakuna mgongano hapo. Mitume walitumwa, na walipofika kwenye nyumba za watu walileta kitu: Habari Njema na uponyaji. Sisi safari tumeichagua wenyewe. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba kuacha kufanya lililo ndani ya uwezo wako, ukingoja Mungu alifanye yeye, ni kumjaribu Mungu. Kumtumaini Mungu kunaanza ukishafanya sehemu yako.

Lakini kwangu mimi jambo zito zaidi ni mwenyeji. Tumfikirie mama wa kijijini anayeona vijana sita wamefika jioni, wamechoka, wana rozari shingoni. Kwa malezi yetu, hawezi kusema hapana. Atachinja kuku aliyekuwa amewekwa kwa ajili ya ada ya mtoto, na atatabasamu. Wewe utaandika kwamba safari yako ilikuwa ya bei nafuu. Kumbe haikuwa nafuu, ila aliyelipa ni yeye.

Ukarimu ni zawadi, na zawadi ina sifa moja: mtoaji angeweza kutoitoa. Ukishaiandika kwenye bajeti kama kitu cha uhakika, kwako imegeuka kodi. Wajibu wa mwenyeji kumpokea mgeni kama Kristo, kama Mtakatifu Benedikto anavyoagiza katika Kanuni yake, haumpi mgeni haki ya kudai. Kanisa la mwanzo lilijua hili. Kitabu kidogo cha kale kiitwacho Didake kinaagiza msafiri apokelewe, lakini asikae zaidi ya siku mbili tatu, na kinaonya juu ya wanaofanya jina la Kristo kuwa biashara. Wahenga wetu nao walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Je, tukatae kupokea kabisa? Hapana. Anayekataa kila msaada ana kiburi chake pia, na hija inatufundisha kuwa wahitaji. Ninachopendekeza ni kipimo kimoja: panga safari ambayo mtu akikwambia "hapana, leo haiwezekani", utamshukuru kwa moyo safi na hutalala njaa. Maana yake ubebe turubai, ubebe unga na maharage, uwe na hela ya nauli kama baiskeli ikikwama. Andikieni parokia mapema, waseme wenyewe kama wataweza. Mkipokelewa, chote maji, fagieni kanisa, fungeni mnyororo wa baiskeli ya katekista. Hapo ukarimu mtakaoupata utakuwa zawadi kweli.

Na kama hela haitoshi kwa kipimo hicho? Changeni kidogo kidogo, mwende mwaka kesho. Au mwaka huu nendeni hija ya karibu, ya siku moja. Wale mashahidi 22 waliotangazwa watakatifu mwaka 1964 hawasifiwi kwa umbali waliotembea. Wanasifiwa kwa sababu gharama ya imani yao waliilipa wenyewe, hawakumtwisha mtu mwingine.

Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake, mtuombee.